Hatua Kumi na Nne hadi Mlango wa Stoo

Jamil alipouliza kwa mara ya tatu, kutoka nguzo ya baraza hadi mlango wa stoo ni hatua ngapi, baba yake aliacha kutafuna.

"Za nini?"

"Nataka kujua tu, Baba."

"Kujua tu," Bakhit alirudia, akasukuma sahani ya mihogo pembeni. "Basi na mimi nataka kujua tu kwa nini unataka kujua tu."

Jamil akacheka kidogo, akanawa mikono, akatoka. Mtu mwingine angelisahau jambo lile palepale, maana swali lenyewe lilikuwa la kitoto. Lakini Bakhit Marjan alikuwa mlinzi wa duka la Vallabh, kwenye barabara kuu ya Jinja, mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla ya hapo alikuwa sajini wa Keya, jeshi la Mwingereza, katika vita vya Burma. Kazi zote mbili zilimfundisha kwamba anayehesabu hatua ana safari. Mlinzi hulipwa kwa kushuku, na asiyeshuku anakula mshahara wa haramu. Tatizo la Bakhit ni kwamba shuku yake hakuiacha kazini pamoja na kiti. Alirudi nayo nyumbani kila asubuhi.

Na mambo ya kushuku yalikuwapo, tusimwonee. Jamil, kijana wa miaka ishirini, alikuwa amerudi kutoka shule ya Mbale akiwa amefaulu mtihani mkubwa. Kwa jinsi Bakhit alivyoambiwa, fomu ya Makerere ilikwisha kwenda, na kijana atasoma shahada ya ualimu. Bakhit aliwatangazia watu msikitini, akapewa mikono. Lakini huyo mwalimu mtarajiwa hakushika kitabu. Mchana kutwa alizunguka mitaa ya Wahindi shingo juu, akitazama mapaa. Alionekana akigonga kuta kwa vidole. Alionekana na Gaster, kijana wa kupakia mizigo kwenye malori, wamenyoosha kamba yenye mafundo ukutani pa watu. Na mwezi uleule maduka mawili yalikuwa yamevunjwa kwa kutobolewa ukuta wa nyuma.

Jumanne asubuhi, Jamil na mama yake walipokuwa sokoni, Bakhit aliinua godoro la mwanawe. Kamba ya mafundo ilikuwapo, na chini yake daftari kubwa lenye jalada jeusi.

Alifungua, akakaa. Duka la Vallabh lilikuwa limechorwa kama linavyoonekana na ndege aliye juu. Milango yote ilikuwapo, na madirisha, kila kimoja na namba yake. Uchochoro wa nyuma ulikuwapo. Barazani, kwenye nguzo ya tatu, palitiwa msalaba mdogo, na kando yake herufi B.

Kule Burma, kabla ya kushambulia, maskauti walileta karatasi za namna hiyohiyo. Nyumba ni hii, mlango ni huu, njia ya kutokea ni hii. Na pale aliposimama askari wa zamu, walitia msalaba. Bakhit aliijua sana misalaba ile, kwa sababu aliyetiwa msalaba ndiye aliyeuawa kwanza.

Alilitazama lile B mpaka macho yakamwuma. Ndiye yeye. Mwanawe, wa kuzaa mwenyewe, alikuwa amemtia msalaba.

*

"Muulize," Mastula alisema, huku akipanga nyanya kwenye ungo. "Ana mdomo. Muulize."

"Mwizi haulizwi. Huviziwa."

"Mwizi!" Mkewe aliacha nyanya. "Bakhit, huyo unayemwita mwizi ni Jamil."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mastula. Wahenga hawakuwa wajinga."

"Hawakuwa wajinga, lakini hawakulala na filimbi shingoni kama wewe. Mwaka jana ulimshuku imamu."

"Imamu alinunua baiskeli mbili!"

"Moja ya mkewe!"

Bakhit akachukua kofia yake, akatoka. Siku hiyohiyo alimwomba Vallabh ruhusa ya usiku mmoja, akapanda basi la Mbale. Huko, mtaa wa Namakwekwe, alikaa dada yake Fatumah, aliyemlea Jamil miaka yote ya shule, na Bakhit alijiambia kwamba moto huanza kwa moshi. Kama kijana ameharibika, ameharibikia kule.

Alimkuta Fatumah mbele ya chumba chake cha kupanga, anageuza mikate kwenye kikaango. Hata salamu hazikwisha vizuri.

"Jamil alikuwa na marafiki gani hapa?"

"Karibu, kaka. Watoto hawajambo? Na mimi mzima, nashukuru umeuliza."

"Fatumah."

"Marafiki gani? Kuta! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini huyo mimi sikumlea hivyo. Kila Jumapili yuko mjini anachora majumba mabovu. Nikamwambia, mwanangu, chora basi hata msichana, nijue moja." Alicheka, kisha akapunguza sauti. "Ila mwaka jana alinitia hofu, wallahi. Alichora ghala la Singasinga mmoja hapo barabara ya stesheni. Akalipima lote, mbele na nyuma. Haukupita mwezi, ghala likavunjwa."

Bakhit alisogeza kiti karibu. "Na polisi?"

"Walikuja mpaka hapa. Walikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Sikukuandikia, nilijua utapandwa na hasira. Lakini sikiliza, kaka, mambo yale baadaye yaliku..."

Bakhit alikuwa amekwisha kusimama. Kusikiliza hadithi mpaka mwisho hakukuwa kawaida yake. Alisikiliza mpaka pale aliposikia alichokuja kukitafuta. Fatumah alimfuata mpaka njiani na mwiko mkononi, akimwita arudi ale hata mkate mmoja, na yeye akampungia mkono bila kugeuka. Alilala stesheni ya basi ili asikose la alfajiri.

*

Alhamisi saa nne alisimama mbele ya meza ya Vallabh, wima, kofia kwapani, kama anavyosimama mbele ya afande.

"Bwana, nimeleta ripoti. Kuna mtu anapanga kuvunja duka."

Vallabh, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua uso. "Nani?"

Bakhit aliweka daftari mezani. Usiku kucha alikuwa amelitafuta neno lingine, hakulipata. "Mwanangu."

Tuseme ukweli: hakufanya kwa roho mbaya. Aliamini kwamba mlinzi anayemficha mwizi kwa sababu ya damu ni mwizi zaidi. Aliamini pia, kwa siri, kwamba Vallabh angesema, Bakhit, wewe ni mtu mwaminifu, tutamwonya kijana na yataisha. Alikuwa amejiandalia hata jibu la unyenyekevu.

Vallabh alifungua kurasa. Ule wa milango aliupita. Ule wa msalaba aliupita pia. Alipofika kwenye ukurasa wa ukuta wa nyuma alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Pale palikuwa na mstari mrefu uliopinda, kutoka kwenye paa hadi chini, na kando yake mwandiko mdogo: ufa, upana robo inchi, unaongezeka.

"Nani alimwambia ukuta yangu iko na ufa?"

"Bwana?"

"Nani alimtuma? Baraza la mji?" Kutoka kwenye mtoto wa meza alichomoa barua yenye muhuri, akaitikisa hewani. "Jumatatu wanaandika mimi. Nyumba ya zamani yenye ufa, watakuja kuangalia, labda kuvunja. Mimi najiuliza, nani anajua ukuta ya ndani ya uchochoro? Kumbe mtoto ya Bakhit! Wanalipa yeye ngapi?"

"Bwana, tazama milango! Tazama huo msalaba, hapo ndipo ninapokaa mimi."

"Mlango iko na kufuli," Vallabh alisema. "Ufa haina kufuli."

Mkewe, Lilavati, aliingia na chai, akainama kutazama juu ya bega la mumewe. Daftari lilikuwa limefunguka kwenye picha ya mbele ya duka, na pale juu, ambapo kwa miaka mingi palizibwa na bango la soda, kijana alikuwa amechora herufi zilizo chini ya bango: CHIMANLAL 1921. Lilavati aliweka kidole. "Ona," alisema taratibu, "jina la baba yako." Vallabh hakuona. Alikuwa amekwisha kulinyakua daftari, anaelekea uani palipokuwa na sigiri ya chai.

Alichana ukurasa mmoja mmoja, akautia motoni, na Bakhit alisimama akatazama, kwa moyo uliochanganyikiwa, lakini si bila nafuu. Ramani ya wezi imeungua. Shauri limekwisha, alidhani.

"Koti," Vallabh alisema aliporudi.

"Bwana?"

"Koti ya kazi. Na filimbi, na tochi. Miaka kumi na moja mimi nalala, kumbe nyumba yako nachungulia nyumba yangu. Toka kwa mlango ya nyuma."

Bakhit alivua koti. Ndani alikuwa na fulana tu, yenye tundu kwapani, kwa sababu hakuna aliyewahi kutazamia kumwona mlinzi bila koti. Alitoka uchochoroni, akapita barabara kuu saa tano ya mchana akiwa na fulana, na fundi cherehani aliyekaa baraza la jirani, aliyemzoea miaka yote hiyo, alianza kumsalimu, akasita, akainamisha kichwa kwenye cherehani yake. Hilo lilimwuma Bakhit kuliko maneno yote ya Vallabh.

*

"Koti liko wapi?" Mastula aliuliza alipomwona mlangoni.

Kabla hajajibu, Jamil alitokea chumbani, nywele zimetimka, godoro limeegemezwa ukutani nyuma yake.

"Mama, umeona daftari langu? Jeusi? Nimelitafuta tangu juzi. Kesho kutwa nalitaka Mbale, Mama, bila hilo..."

"Simama hapo," Bakhit alisema kwa sauti yake ya usajini. Kijana akasimama. "Ghala la Singasinga Mbale. Nani alilivunja?"

Jamil alishangaa. "Karani wake mwenyewe. Alishikwa mwezi uliofuata na funguo mfukoni. Shangazi hakukwambia?"

Bakhit alimkumbuka Fatumah na mwiko wake njiani. "Na Gaster?"

"Gaster ananishikia ncha ya kamba. Baba, haya maswali ni ya nini?"

"Na mimi?" Sauti ya Bakhit ilipanda. "Nguzo ya tatu! Umeniwekea msalaba kwenye nguzo ya tatu! Nimekaa Burma, najua msalaba ni nini! Umeniweka pale ili nani aje anikute?"

Ndipo Jamil akaelewa, na Bakhit aliona jinsi alivyoelewa, kwa sababu uso wa kijana ulibadilika ukawa wa mtu aliyepigwa.

"Ile nguzo imelika, Baba," alisema. "Nguzo zote za baraza lile zina kona. Ya tatu haina kona upande mmoja. Nilidhani ni mvua, lakini mvua haili upande mmoja. Nikapima. Imelika kuanzia futi mbili kutoka chini mpaka futi tatu na nusu. Nikakaa pale kwenye kiti chako, nikaegemea." Alijigusa mgongo. "Ni mgongo wako. Miaka kumi na moja ya mgongo wako. Ndiyo maana nikaandika B."

Mastula aliketi chini, ungo wa nyanya mapajani.

"Sisomei ualimu," Jamil aliendelea, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi, maana yalikuwa yamefungiwa mwaka mzima. "Nilikudanganya. Nimeomba chuo kipya cha ufundi, Nairobi. Usanifu wa majengo. Jumamosi anakuja Mbale mtu wa kutuhoji, na kila mmoja alete jengo moja alilolipima mwenyewe. Nimelipima lile duka miezi mitatu. Watu wanadhani Jinja ilianza na bwawa la umeme, Baba. Mwaka huu peke yake yamebomolewa majengo ya zamani matatu, na hakuna aliyechora hata mlango. Daftari liko wapi?"

"Nairobi!" Mastula alishika kichwa. "Huko kwenye hali ya hatari, watu wanadaiwa vipande na kufungiwa makambini!"

"Mama, ngoja. Baba, daftari liko wapi?"

"Limechomwa," Bakhit alisema. "Nililipeleka kwa Vallabh. Mimi mwenyewe."

Jamil hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, kijana mzima, na hakuyafuta.

"Ulikwenda mpaka Mbale," alisema. "Ulikwenda mpaka kwa Vallabh. Mimi nilikuwa hapa, chumba cha pili. Hukuniuliza."

"Ungeniambia majengo, ningekubali?" Bakhit alisema, na hata yeye alisikia jinsi utetezi wake ulivyokuwa mwembamba.

"Usingekubali. Ndiyo maana nilinyamaza."

Akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mastula alimgeukia mumewe. Alikuwa na mengi ya kusema, mtu angeyaona yanapita usoni pake moja baada ya lingine, lakini alipoiona ile fulana na tundu la kwapani alisema moja tu. "Umemshtaki mwanao kwa watu wa nje, Bakhit. Na kazi umepoteza vilevile."

*

Bakhit alikaa peke yake mpaka jua likapinda. Alikuwa na haya, na haya ya mtu mzima ni nzito kwa sababu haina pa kuwekwa. Alijaribu kumkasirikia Fatumah, hakuweza. Alijaribu kumkasirikia Vallabh, akakumbuka ile barua iliyotikiswa hewani, na macho ya mtu anayeogopa kubomolewa. Yule naye aliona kile alichokuwa anakiogopa. Daftari moja, na watu wawili wazima hakuna aliyesoma kilichoandikwa.

Mwishowe akainuka, akaenda nyuma.

"Kumi na nne," alisema.

Jamil hakugeuka. "Nini?"

"Kutoka nguzo ya tatu hadi mlango wa stoo. Hatua kumi na nne. Na hatua yangu ni ya Keya, inchi thelathini, haizidi wala haipungui. Walitupima kwa fimbo mpaka ikatuingia kwenye mifupa. Leta karatasi."

"Baba, miezi mitatu..."

"Wewe miezi mitatu. Mimi nimelizunguka jengo lile mara sita kila usiku kwa miaka kumi na moja. Unafikiri nilikuwa nimefumba macho? Leta karatasi!"

Karatasi haikuwapo. Mastula alikung'uta sukari kutoka kwenye mfuko mkubwa wa karatasi ya khaki, akaupasua pembeni, akaulaza mezani na kuupiga pasi. Kisha wa pili.

Wakaanza. Bakhit alisimama katikati ya chumba, macho amefumba, akatembea palepale alipo, miguu ikigonga sakafu. Kutoka kona hadi dirisha la kwanza, sita na nusu. Dirisha la pili lilipigiliwa misumari mwaka wa hamsini na moja, baada ya paka kuingia. Ngazi za nyuma ni tano, ya nne imevunjika upande wa kushoto. Mlango wa uchochoro unafunguka kwa nje, si kwa ndani. Jamil aliandika, akazidisha kwa thelathini, akagawa kwa kumi na mbili, akachora. Mara mbili alisema namba aliyoikumbuka kutoka kwenye daftari, na mara zote mbili Bakhit alikuwa amekwisha kuisema.

"Na ufa?" Jamil aliuliza.

"Ulianza mwaka walipofungua bwawa. Mwaka juzi uliingia kijiti cha kiberiti. Sasa unaingia ncha ya kidole changu kidogo."

"Ulijua? Hukumwambia Vallabh?"

"Kazi yangu ilikuwa watu," Bakhit alisema. "Sikujua kwamba ukuta nao huulizwa."

Walichora Alhamisi mpaka magharibi, wakachora Ijumaa toka asubuhi, wakapumzika kwa sala tu. Ijumaa alasiri Jamil alileta fomu ya chuo iliyongoja sahihi ya mzazi. Bakhit aliisoma mbele na nyuma, kisha akaanza upya, maana kushuku hakuachiki kwa siku mbili. Aliuliza neno hili lina maana gani, na lile, na kwa nini hapa pameachwa wazi. Kwenye mstari wa kazi ya mzazi alikuta kijana ameandika zamani: mlinzi.

"Huu sasa ni uongo."

"Nifute?"

Bakhit alifikiri. "Acha," alisema, akatia sahihi kwa herufi kubwa alizofundishwa jeshini. "Lakini Nairobi utaandika kila wiki. Na huyo Gaster sijamaliza naye."

"Ndiyo, Baba."

Ndipo akainama juu ya ile karatasi ya khaki. Duka lote lilikuwapo, kutoka jina la Chimanlal juu mpaka ngazi iliyovunjika. Alipitisha kidole barazani polepole. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tatu hapakuwa na kitu.

"Hapa umesahau."

Jamil alitazama chini. "Sikusahau. Nilidhani hutaki. Na tena... sasa hupo pale."

Bakhit aliichukua penseli mkononi mwa kijana. Alitia msalaba, umepinda kidogo, karibu kabisa na nguzo, upande ule uliolika.

"Wakikuuliza kesho hiki ni nini," alisema, "waambie hapo alikaa mtu."